Hilali na Masika, Kila Jumamosi

Jumatatu, 6 Mei 1974

Nimejiandikisha kisomo cha watu wazima hapa Cheyo. Nimesema sijui kusoma wala kuandika. Darasa la saba nilimaliza, lakini hilo halimhusu mtu. Anayefundisha ni binti mmoja, Mwalimu Tufaha. Aliyesoma hana sababu ya kukaa mbele yake kila alasiri. Asiyesoma anazo tele. Nimepewa benchi moja na Mama Nyamizi, mkulima wa Itetemia, ambaye yeye hajui kweli. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia tutasaidiana. Nikaona haya kidogo. Zikapita.

Jumatano, 8 Mei

Tumesoma herufi a. Nilishika chaki kama mwiko. A yangu ililala chali. Mwalimu akainama, akasema, Majid, usikate tamaa. Sauti ile! Ijumaa nitakosea zaidi.

Jumamosi, 11 Mei

Leo nimemjua Shaban, karani wa stesheni. Kila Jumamosi huleta gazeti lililoshuka na treni ya Dar, akatusomea hadithi ya picha za kuchorwa iliyomo, ili tupate hamu ya kujifunza. Shati limepigwa pasi, nywele zinang'aa mafuta. Simpendi.

Hadithi inaitwa "Jirani wa Dawati". Mapenzi ya wanafunzi wawili wa sekondari, Hilali na Masika. Maoni yangu: macho ya Masika ni makubwa kama visahani. Shule haina shamba, hakuna anayeshika jembe, na nchi yenyewe ni ya kujitegemea. Wakihuzunika tu, mvua inanyesha, hata katikati ya kiangazi. Hilali amemtazama msichana tangu mwaka jana na hajafungua kinywa. Upuuzi mtupu.

Ila kuna picha moja. Masika anafuta ubao peke yake, Hilali yuko mlangoni, hakuna neno lililoandikwa. Niliitazama mpaka Mama Nyamizi akaomba zamu.

Nilimwuliza kilichomleta kisomo. Akasema ni hadithi hiyo hiyo. Mwanawe humsomea nyumbani, lakini akifika penye mapenzi anaruka, anadai hapamfai mama yake. Akaninong'oneza kwamba hata karani anaruka; anaisikia sauti yake ikikimbia. Ni kweli. Nilikuwa naona maneno kwa macho yangu, na Shaban akiyapita. Ningesemaje? Mimi sijui kusoma.

Jumatano, 15 Mei

Katika toleo la Jumamosi, Hilali alianguka, Masika akamfunga jeraha kwa leso. Wazo zuri. Leo nimeanguka na baiskeli mbele ya mlango wa darasa, wakati Mwalimu anaingia. Goti limechunika kweli, sikukusudia lifike huko. Mwalimu akasema pole, akamwita Shaban, aliyekuwa akipita, kwa kuwa makarani wa stesheni wamefundishwa huduma ya kwanza. Akaniosha, akanifunga, akanikokotea baiskeli mpaka kwangu. Mkono wake mwepesi. Nalazimika kumshukuru. Nimemshukuru, kwa ufupi.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeharibu.

Gazeti limekuja. Hilali anahamishwa shule, wako kwenye jukwaa la stesheni, na hatimaye amefungua kinywa. Shaban akafika hapo, akamtazama Mwalimu, akakohoa, akasema, "Hapa wanaagana."

Mama Nyamizi akaweka kidole juu ya picha. Akauliza, "Maneno yote haya ni kwaheri tu?"

Shaban akasema ndiyo. Yule mama akainamisha kichwa kama mtu aliyezoea. Sijui kilichonipata. Nikalivuta gazeti nikasoma, bila kukwama:

"Masika, nimekaa karibu nawe mwaka mzima nikiogopa. Leo naondoka, na bado naogopa, lakini nakupenda."

Mama Nyamizi alifumba macho. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Mwalimu akauliza, "Majid, umejua kusoma tangu lini?"

Nikasema, tangu sasa hivi. Hakuna aliyeamini. Hata mimi.

Jumatatu, 20 Mei

Nilikwenda nikitegemea kufukuzwa. Mwalimu aliniambia kwamba mimi ni mwongo, na kwamba nimekula chaki ya serikali bure. Halafu akasema wazee wa benchi la nyuma wanahitaji mtu asiyeruka maneno, na kuanzia leo nitawafundisha mimi. Kwa mara ya kwanza maishani nimeaminiwa kazi, tena baada ya kukamatwa. Namshukuru Mungu, namshukuru Mwalimu.

Jumamosi, 1 Juni

Hadithi imekwisha. Hilali amerudi, wamepeana mikono, basi! Mikono! Picha ya mwisho nusu yake ni mawingu. Mchoraji huyu hana huruma.

Lakini ukurasa huo kausoma Mama Nyamizi. Silabi kwa silabi, jasho linamtoka, kidole kinatambaa. Alipomaliza alicheka, akasema kumbe mwanawe alikuwa akimlinda na kitu kizuri namna hii. Ikabidi nitoke nje kidogo. Vumbi la kiangazi linaumiza macho.

Nje nilimkuta Shaban. Akanishukuru. Siku ile nilipoyasoma maneno yale aliona aibu, jioni yake akaenda kumwambia Tufaha la moyoni. Wamekubaliana. Anahamia stesheni ya Kigwa, wataoana kabla. Nilimpa mkono. Moyo uliniuma, nisidanganye. Ila hadithi mbovu ile imenipa kazi, imempa Mama Nyamizi macho, na hawa nyumba. Nitailalamikia vipi?

Jumatatu, 3 Juni

Zahanati imepata muuguzi mpya, Bi Saleha. Nimemwona kwa mbali akianika mashuka. Watu wazima hawaendi kumtazama bila sababu. Kesho asubuhi nitaamka na malaria. Tangu mchana nimekuwa nikijizoeza kutetemeka, na meno tayari yanagongana vizuri.