Kurumbiza, Shahidi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Kiongozi wa bendi ya kiwanda ametangaza leo, amesimama kati ya mapipa ya sabuni: ukumbi mpya utafunguliwa kwa wimbo mpya. Mwenye tuni ailete Ijumaa. Itakayoshinda, mwenyewe ndiye mtunzi wa bendi. Akanigeukia mimi, mtunzi wa sasa, akaongeza kwamba atakayeshindwa atashika manyanga. Mimi na kodiani yangu! Mtazamo ule naujua. Kuna mtu amemjaza maneno.

Mtu huyo ni Shavu, mpiga tarumbeta. Jirani yangu pia, ua wa michongoma tu kati yetu. Alipopita nyuma yangu alikuwa anatabasamu. Mtu haendi kazini Jumatatu akitabasamu bila sababu.

Ila riziki haina mwenyewe. Niliporudi jioni, kurumbiza mmoja alitua juu ya michongoma akaimba. Tuni kamili. Inapanda, inajizungusha, inateremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi na beseni la maji kichwani. Mwishoni anaweka mkwaruzo mwembamba, kwiii, ambao mtunzi wa kawaida hathubutu. Nikaikamata yote kwenye kodiani kabla ya chakula. Hata kwiii nimeipata, kwa kubonyeza vitufe viwili vilivyokaribiana na kubana mivukuto.

Mke wangu ameuliza kama huo si wizi. Nikamweleza kwamba wanamuziki wote wakubwa wamechota kwa ndege, na sijasikia ndege aliyekwenda kushtaki.

Jumanne, 4 Machi

Shavu amenisalimia mara mbili. Mara ya kwanza langoni, mara ya pili kwenye foleni ya kunawa mikono. Anayekusalimia mara mbili ana lake. Akauliza pia kama nalala vizuri siku hizi. Usingizi wangu unamhusu nini?

Nimepata jibu nikiwa nafunga katoni. Dirisha lake linatazama ua uleule. Masikio anayo, tena makubwa. Kama mimi nimemsikia ndege, na yeye atamsikia, na Ijumaa atakuja na wimbo wangu.

Hatua ya kwanza: ndege ahamie upande wangu. Nimechimba mchwa nyuma ya choo na kuwatandaza dirishani kwenye sinia. Kurumbiza hupenda mchwa.

Jumatano, 5 Machi

Mchwa hawapendi sinia. Wamehamia kwenye fremu ya dirisha. Mama mwenye nyumba amepita, akasikiliza mbao kwa sikio, akaniambia kwa sauti ya upole sana kwamba fremu mpya ni juu yangu.

Ndege alikuja. Akala wawili watatu, akapangusa mdomo, akaruka hadi kwenye geti la Shavu, na huko ndiko akaimba. Chakula kwangu, wimbo kwa jirani. Nimewahi kuwa na shemeji wa namna hiyo.

Jambo jingine la kutia shaka: Shavu hafanyi mazoezi. Sijasikia tarumbeta yake mwezi mzima. Mke wangu anadai jamaa hufanya kila alfajiri, ila huichomekea soksi mdomoni asiwaamshe watu, na kwamba mimi wakati huo nakuwa nakoroma. Kwanza, sikoromi. Pili, mtu anayeitia tarumbeta soksi anaficha kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebadili mbinu. Kama ndege haji kwangu, basi Shavu asimsikie. Nikatundika blanketi kwenye michongoma. Ndege akakaa juu ya blanketi. Basi kila alipofungua mdomo nikawa napiga sufuria kwa mwiko.

Mama yake Shavu akachungulia na kuniuliza, baba, kwema huko? Nikasema kwema, nafukuza panya. Akatazama juu nilikokuwa naelekeza mwiko. Akasema ataniombea. Jioni nzima alikuwa akimweleza mtu jambo kwa kunong'ona, na nimesikia jina langu.

Blanketi limechanika. Mke wangu amesema leo nitajifunika kodiani.

Ijumaa, 7 Machi

Yametimia niliyoyahofia.

Nilipiga mimi kwanza. Nilipiga vizuri, lazima niseme. Nilipofika kwenye kwiii nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mpiga ngoma alikuwa ameinamisha kichwa kama anayetafuta sarafu. Akauliza mbona mwishoni nimeweka geti la Shavu. Anakwenda pale kila Jumapili, anasema, na lile geti linalia hivyohivyo, bawaba zimekauka.

Kisha Shavu akasimama, akapiga. Tuni ileile! Neno kwa neno, ila bila kwiii.

Nikasema mbele ya wote kwamba nimeibiwa. Shavu akajibu taratibu kwamba ameutunga mwezi uliopita na amekuwa akiujaribu kila alfajiri. Nikamwambia kiongozi mimi nina shahidi. Akataka kumjua. Nikasema ni ndege.

Mpiga ngoma akaomba ruhusa ya kutoka nje. Kiongozi, ambaye ni mtu wa haki, au anataka kunimaliza kwa utaratibu, akaamua kwamba kesho bendi nzima itakuja kumsikiliza shahidi nyumbani kwake, kwenye michongoma.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja. Wamekaa kwenye benchi zangu, wamekunywa chai yangu. Shavu kaleta mikate, ili aonekane mwema.

Kurumbiza akatua. Akaimba tuni yote, nikamwonyesha kila mtu kwa kidole: sikieni. Akaweka kwiii. Wakati huohuo mama yake Shavu akaingia kwa geti lao, na geti likasema kwiii.

Ndege hakukomea hapo. Akakohoa kikohozi cha Shavu cha alfajiri, kile cha kusafisha koo kabla ya kupuliza. Halafu akatoa sauti nzito, ya kuvuta na kuachia, yenye mluzi mwishoni. Watu wakatazamana. Mke wangu akashusha birika na kusema, huyo sasa ndiye mume wangu.

Kiongozi akanieleza, kama anayemweleza mtoto, kwamba kurumbiza huiga kila anachosikia, na kwamba hilo hata watoto wanalijua. Shavu ndiye mtunzi. Manyanga nitayakuta Jumatatu kwenye kabati la vyombo.

Shavu akanipa mkono. Akasema, kaka, kwiii yako ni nzuri, anaomba aitie kwenye wimbo. Nikamkubalia. Bado natafuta hila yake iko wapi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Ndege yule alinunuliwa. Ukimlisha mtu mikate, ndege utashindwa? Kosa langu lilikuwa kumwamini ndege anayekaa mpakani.

Ila sikukata tamaa. Leo nimetembea hadi mtaa wa juu, mbali kabisa na Shavu, na nimempata kurumbiza mwingine, kwenye mti nyuma ya bafu la kiongozi wa bendi. Huyu hana ujirani na mtu yeyote mjanja. Ana tuni ya ajabu, ya kifalme, sijapata kuisikia popote. Tena ana nidhamu: hungoja kiongozi amalize kuoga na kupiga miluzi yake, ndipo naye aanze.

Nimeikamata yote. Kesho nampigia kiongozi, kabla mtu hajaiiba.