Mfumo wa Ufuatiliaji wa Barafu

Ofisi ya Uratibu wa Miteremko, Moshi, inautangazia umma kwa heshima na taadhima kwamba imekuwa ofisi ya kwanza katika kanda nzima ambayo kompyuta zake haziwezi kucheza gemu. Haziwezi leo, hazitaweza kesho, na hata zikibembelezwa hazitakubali. Wananchi mnaombwa kupokea habari hii kwa utulivu.

Kwa wasiojua kazi yetu: sisi ndio tunaohakikisha miteremko yote ya Kilimanjaro inateremka kwa utaratibu. Tangu niajiriwe hapa hakuna mteremko hata mmoja uliogeuka ukapanda. Hilo halikuja lenyewe. Limeletwa na vikao.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Kudhibiti Burudani Kazini. Naandika haya kwa sababu huko mitaani nasikia yanasimuliwa kwa kicheko, na jambo la kiserikali likisimuliwa kwa kicheko hupoteza maana.

Tatizo lilianzia kwenye kompyuta zetu za zamani. Zilikuwa na karata. Mwananchi alikuwa anatoka Kirua Vunjo kuulizia kibali cha kujenga kwenye mteremko, anafika kaunta, anaambiwa, "Subiri kidogo, mfalme wangu amekwama." Mkurugenzi wetu, Ndugu Godlove, alichukia sana. Ni mtu wa hatua. Alinichukua mimi kama shahidi tukaenda dukani kwa Balwant kununua kompyuta mpya.

"Hizi hazina Windows," Balwant alisema. "Zina Linux. Virusi havisumbui, bei nafuu, mtazitumia mpaka mzeeke."

"Zinacheza ile gemu ya mpira? Ile inayomharibu mwanangu?"

"Ile? Ile haikubali humu. Ingawa kuna namna ya kuizungusha, na pia kuna nyingine nyingi tu ambazo..."

"Inatosha," Mkurugenzi alisema.

"Bwana, sijamaliza."

"Umemaliza vizuri sana."

Uzinduzi ulifanyika uwanjani kwetu. Kulikuwa na turubai, kwaya, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma aliyesimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni. Mkurugenzi alishika kisu, akamkata yule mbuzi begani, akasema kwenye kipaza sauti, "Leo nimeua gemu." Watu wakapiga makofi marefu wakiwa wamemtazama mbuzi.

Jumatatu, Eliona aliniita. Eliona ni katibu muhtasi wetu, mjane, mtu wa Kirua Vunjo. Nyumbani ana mama yake mgonjwa na ng'ombe mmoja, na kiti chake cha ofisini ndicho kinachowalisha wote. Nilimkuta ameshika kifua.

"Mama Kindness, hebu njoo uone. Mimi nilikuwa natafuta kikokotozi tu. Hii mashine ina gemu kuliko ile ya zamani!"

Kweli zilikuwepo, zimepangwa vizuri kama vitenge dukani. Karata, mabomu ya kutegua, drafti, nyoka anayekula na kurefuka. Na moja ya ndege mnene, koti jeusi, tumbo jeupe, anayekimbia kwenye theluji na kuruka mashimo. Eliona alimwita bata. Mimi sikuwa na muda wa kubishana. Nilipanda ghorofani.

"Mkurugenzi, kwenye mashine kuna gemu."

"Hakuna."

"Nimeziona kwa macho yangu."

"Umeona nini?"

"Karata."

"Mama Kindness. Mbuzi ameliwa?"

"Ameliwa."

"Tangazo limetoka?"

"Limetoka."

"Basi ulichokiona si karata."

Nilikubali, kwa sababu hoja ilikuwa na mpangilio. Siku iliyofuata ukatoka waraka. Kwa kuwa kompyuta hizi haziwezi kucheza gemu, waraka ulisema, chochote kinachoonekana kwenye kioo na kufanana na gemu kitahesabiwa kuwa zana ya kazi, na Kamati ikipe jina linalostahili. Kamati tulikaa. Karata tukaziita Upangaji wa Nyaraka kwa Rangi. Mabomu tukayaita Tathmini ya Maeneo Hatarishi. Nyoka tukamwita Mfereji wa Asili. Yule bata alitusumbua kidogo, mpaka Mkurugenzi mwenyewe alipopiga meza. "Anakimbia wapi? Si kwenye barafu? Na juu ya vichwa vyetu kuna nini? Huo ni Mfumo wa Ufuatiliaji wa Barafu ya Mlima Kilimanjaro."

Sijawahi kuona ofisi ikichapa kazi namna ile. Watu walifika mapema, wakaondoka wamechelewa, macho mekundu. Mwananchi akiuliza kibali anaambiwa, "Ngoja mzee, natathmini maeneo hatarishi," na anangoja kwa adabu, kofia mkononi. Zamani walikuwa wanalalamika. Sasa walikuwa wanatuonea huruma.

Mkurugenzi alijitwika barafu yeye binafsi. Mlangoni kwake alibandika karatasi: USIBISHE HODI, UFUATILIAJI UNAENDELEA. Mwenyekiti wa Bodi yetu, Mzee Ezra, mwalimu mkuu mstaafu ambaye huamini kila anachoambiwa kwa sauti nzito, alipotutembelea, alifunguliwa mlango huo akamwona bata.

"Huyu ndege ni nani?"

"Ni kiashiria, Mzee. Akiteleza vizuri, barafu ipo ya kutosha."

"Na akitumbukia shimoni?"

"Imepungua."

Mzee Ezra alitikisa kichwa kwa mshangao. "Na sisi tulikuwa tunainua macho tunatazama mlima," alisema. Akaondoka akiwa amejaa sifa zetu.

Hapo mambo yalikuwa shwari kabisa, mpaka mpwa wake Mkurugenzi alipomaliza chuo. Anaitwa Praygod. Ni kijana mtulivu, hana kosa lolote, ila hakuwa na kiti. Na kiti hakinunuliwi sokoni Mbuyuni. Lazima kwanza atoke aliyekikalia.

Eliona akapata barua. Anatuhumiwa kucheza gemu ya bata saa za kazi, adhabu yake ni kufukuzwa. Alinifuata jikoni kwenye chai, barua mkononi.

"Mama Kindness, niambie ukweli. Mimi nimecheza?"

"Umecheza."

"Na wewe je?"

"Mimi nimefuatilia barafu."

"Kwani tofauti ni nini?"

"Mimi sina mtu anayetaka kiti changu."

Aliikunja ile barua. Halafu akasema, "Mama yangu akisikia, hatamaliza mwezi." Nilimmiminia chai. Kama katibu wa Kamati sikuruhusiwa kumpa neno la faraja, lakini sukari hakuna kanuni inayoikataza.

Kikao cha nidhamu kilikuwa na wajumbe watatu. Mwenyekiti alikuwa Meku Basili, mhasibu wetu anayekaribia kustaafu. Nisreen, mwanasheria wa ofisi, alikaa kulia kwake. Wa tatu nilikuwa mimi na kalamu yangu. Eliona alikaa mbele yetu mikono mapajani. Mkurugenzi alikuja kama mlalamikaji. Praygod alisubiri nje kwenye korido, tai shingoni, ameshakuja na kikombe chake cha chai.

Nisreen alianza. "Mkurugenzi, umesema gemu. Gemu gani? Waraka wako unasema hazipo."

"Kwa watumishi wengine hazipo. Kwa Eliona ipo."

"Hilo kisheria linaitwaje?"

"Linaitwa mamlaka."

Nikaandika: mamlaka.

Meku Basili alivua miwani. "Mimi huyo bata sijawahi kumwona, kompyuta yangu huwa naifunika kitambaa. Siwezi kuhukumu mtu kwa kitu nisichokijua. Leteni hiyo mashine, niicheze mwenyewe nione kama ni gemu au ni barafu."

Kompyuta ya Eliona ikaletwa mezani. Bata akatokea, akasimama anapepesa macho. Meku Basili akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayepima ndizi kama imeiva. Bata akatembea hatua chache, akaingia shimoni.

"Pole," Meku Basili alimwambia bata.

Akaanza upya. Bata akaingia shimo lile lile. Akaanza tena. Shimo lile lile. Mkurugenzi akakohoa. Kisha mguu wake ukaanza kutikisika chini ya meza mpaka vikombe vikalia.

"Meku, ruka," alisema kwa sauti ya chini.

"Niruke wapi, na magoti haya?"

"Si wewe! Bata!"

"Mbona anaruka?"

"Anaruka mapema! Subiri afike ukingoni. Ukingoni, Meku! Sasa! Sa... Jamani!"

"Ametumbukia," Meku Basili alisema. "Nadhani barafu imepungua."

"Barafu haijapungua, wewe ndiye huna vidole! Yule konokono usimkimbie, mrukie halafu umsukume! Msukume! Mungu wangu, anarudi nyuma! Mzee mzima anarudi nyuma!" Mkurugenzi alikuwa ameshasimama. Koti lilikuwa kwenye kiti. "Pisha. Pisha hapo."

Meku Basili akapisha.

Nina watoto wa kiume wawili, nimeona vijana wakicheza. Sijaona vile. Bata alipita mashimo kama hayapo. Aliwapanga konokono mstari akawafagia. Alijigonga kichwa kwenye jiwe ambalo sisi wote tuliliona ni jiwe tu, likatoa sarafu. Aliingia kwenye ukuta, akatokea upande wa pili. "Hapa wengi hawapajui," Mkurugenzi alisema, na uso wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyefika kwao. Chai ikaletwa. Chai ikapoa. Praygod akachungulia mlangoni, akaona mgongo wa mjomba wake, akarudi kwenye korido.

Eliona alikuwa bado mikono mapajani. "Samahani, Mkurugenzi," aliuliza kwa adabu. "Hiyo ni gemu?"

"Nyamaza, nakaribia kwa mkubwa wao!"

"Umeanza lini?" Nisreen aliuliza.

"Siku ile ile ya uzinduzi, jioni. Usiniongeleshe!"

Nikaandika: usiniongeleshe.

Bata akafa. Mkurugenzi akageuka polepole, akatukumbuka.

Nisreen aliweka kalamu chini. "Kamati ina swali moja tu. Hicho ulichokuwa unafanya ni gemu au ni kazi? Kama ni gemu, kosa la Eliona unalo na wewe, tena lako ni kubwa zaidi, na tangazo letu kwa umma tulifute. Kama ni kazi, Eliona arudi mezani kwake."

Mkurugenzi alitazama kibodi. Akatazama dirisha. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, haukumsaidia.

"Ni kazi," alisema, kama mtu anayemeza kwinini.

"Na Eliona alikuwa anafanya kazi?"

"Alikuwa anafanya kazi."

"Kwa bidii?"

"Kwa bidii."

"Andika, Mama Kindness."

Niliandika. Eliona alitoka, akampita Praygod, akakaa kwenye kiti chake akakishika pande zote mbili.

Muhtasari ulikwenda kwenye Bodi kama kanuni inavyotaka. Mimi sipendi chumvi. Niliandika kwamba Mkurugenzi, mbele ya Kamati, alionyesha ustadi wa kufuatilia barafu ambao haujapata kuonekana ofisini, na kwamba anapajua mahali ambapo wengi hawapajui.

Mzee Ezra alisoma akaguswa. Bodi ikakaa, ikaona ni aibu bingwa kama huyu kufuatilia barafu akiwa Moshi mjini, ambako barafu iko kwenye friji la kantini tu. Ikamteua kuwa Mwangalizi Mkazi wa Barafu, apandie Marangu, akakae huko juu karibu na barafu yenyewe. Kiti cha ukurugenzi akaimu Nisreen. Na kwa kuwa mzigo utakuwa mkubwa, Bodi ikampa msaidizi wa kubeba, kijana mwenye elimu, Praygod. Kwa hiyo naye ajira aliipata.

Mkurugenzi alikimbilia nyumbani kwa Mzee Ezra.

"Shikamoo, Mzee. Kuna kutoelewana kidogo."

"Marahaba. Kutoelewana gani? Mfumo haufanyi kazi?"

"Unafanya."

"Au hukuwa unafuatilia?"

"Nilikuwa nafuatilia."

"Basi?"

Sentensi moja tu ndiyo ingemwokoa, na hiyo hakuweza kuitamka mbele ya Mwenyekiti. Alikunywa soda yake akarudi.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa kwa Eliona, Kirua Vunjo, nimefuata maziwa. Tukamwona Mkurugenzi anashuka kwenye njia ya migombani, peke yake, viatu vimejaa tope. Mkononi alikuwa ameshika jani la isale.

Kwetu isale halichezewi. Anayelileta amekubali kosa, na aliyeletewa hana njia ya kukataa. Watu waliokuwa wamemwagiana damu wamepatanishwa na jani hilo. Mkurugenzi alilitoa kwa mikono miwili, mbele ya mama mgonjwa, mbele yangu, na mbele ya ng'ombe.

"Eliona, nimekukosea. Nilitaka kiti chako nimpe mtoto wa dada yangu. Na yule bata ni gemu. Mimi ndiye niliyecheza kuliko wote."

Eliona alipokea jani. Hakufikiri hata kidogo. "Nimekusamehe, baba. Kutoka moyoni. Karibu ukae."

Alimletea maziwa mgando kwenye kibuyu. Mkurugenzi akanywa, akafuta mdomo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kikao.

"Aika, mama, asante sana. Basi kesho utawaeleza Bodi nisiende?"

"Mimi?" Eliona alishangaa kweli. "Mimi nimekusamehe tu. Aliyekutuma mlimani ni Bodi, na barua yako nimeichapa Ijumaa, mezani kwangu. Haina kosa hata moja."

Akaingia ndani. Akarudi na soksi nene za sufu za marehemu mumewe, aliyekuwa mpagazi wa mlimani, akazikunja vizuri na kumwekea mapajani.

"Vaa mbili mbili," alisema. "Na upande polepole, baba. Kule juu hakuna kuanza upya."