Figa la Tatu Jikoni kwa Balozi

Mpui, Sumbawanga Vijijini
9 Oktoba 2000

Kwa Ndugu Katibu wa Chama,
Kata yetu.

YAH: MKE WANGU KUHUJUMU MAFIGA MATATU

Ndugu Katibu,

Shikamoo, na pole kwa kampeni, maana vumbi la mwezi huu si la mchezo. Mimi ni yule yule Isdori, balozi wa nyumba kumi, niliyeshika kipaza sauti baada yako siku ya mkutano kwenye uwanja wa shule. Nakuandikia nikiwa na njaa, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usidhani ni pombe.

Unakumbuka nilivyosema siku ile: rais, mbunge na diwani ni mafiga matatu, na chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Nikaongeza kwa akili yangu mwenyewe kwamba yote yatoke ua mmoja na mtu asichague-chague. Figa likiwa la kwetu, basi linatosha. Ulinipigia makofi. Mke wangu Scola naye alipiga, tena kwa nguvu, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jioni ile ile Scola aling'oa figa moja jikoni akalitupa korongoni. Mahali pake akaweka bonge la udongo alilochimba nyuma ya choo. Nilipouliza, alinijibu kwa adabu zote kwamba ni la ua wetu. Basi maharage yakianza kuchemka yanafoka, udongo unalowa, chungu kinalala ubavu, na mboga yote inaishia majivuni. Tangu hapo nakula ugali kwa chumvi.

2. Anasema bonge hilo ndilo Ndugu Evaristi, mgombea wetu wa udiwani. Ndugu Katibu, ni kweli Evaristi ameizungushia miba chemchemi ya kitongoji apate maji ya kufyatulia matofali ya duka lake, maana siku hizi biashara ni huria. Ni kweli pia kwamba wanawake wakisogea na ndoo anawafungulia mbwa. Lakini ni wa kwetu! Mgombea urais hatujawahi kumwona. Mbunge tulimwona uchaguzi uliopita, akipita ndani ya gari. Hao wawili Scola hana neno nao, kura atawapa. Kosa la Evaristi ni kwamba tunamjua, na mimi naona huo ni uonevu.

3. Maji sasa anateka ng'ambo ya kilima kwa Mama Kabula, yule mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, ambaye ndiye mgombea udiwani wa wale wenzetu. Mama huyo alichimba kisima cha mifugo, na anayekuja kuteka haulizwi kadi ya chama. Kwa hiyo chai ninayokunywa mimi, balozi, ni ya maji ya upinzani. Nimejaribu kuiacha, nimeshindwa. Halafu ile kanga tuliyogawiwa na chama Scola ameifanya ngata ya kubebea ndoo, na maneno yetu yote yamelowa.

4. Wanawake wa nyumba zangu kumi wameiga. Pita huku jioni usikie vyungu vinavyopinduka. Waume wanakuja kwangu kuuliza chama kitawalisha nini.

Kwa hiyo naomba makao makuu yatoe tamko kwamba mafiga yaliyosemwa si ya jikoni. Ikishindikana, zile karatasi tatu za kura zigandishwe kwa gundi, ukishika moja umeshika zote. Hiyo nayo ikishindikana, mume apige kura kwa niaba ya nyumba. Na kwa kuwa waume wana njaa na siwaamini tena, afadhali balozi apige kwa niaba ya nyumba kumi. Balozi akionekana kulegea, pigeni ninyi huko ofisini, sisi mtutangazie matokeo tukiwa shambani.

Nieleweke, Scola sina ugomvi naye. Ni mwanamke mwema. Akirudi na ndoo kutoka ng'ambo huko hushika kiuno, na mimi hutazama pembeni. Hilo linaniuma, nalisema wazi.

Unisalimie Mama Coleta na watoto, Mzee Zubery wa duka la kanga, na Ndugu Evaristi ukimwona. Mwambie tuko naye bega kwa bega.

Ni mimi, mwenye njaa lakini sijayumba,

Isdori
Balozi

Nyongeza: Barua imekaa kidogo kwa kukosa mtu wa kuileta. Hapo katikati nilikwenda mwenyewe kwa Mama Kabula kuomba jiwe, maana mawe ya huku yote Evaristi ameyasomba kwa msingi wa duka. Alinipa, hakuuliza kadi. Scola amelipanga pamoja na yale mawili yetu ya zamani, na chungu kimetulia. Leo nimekula maharage mpaka nikalegeza mkanda. Ombi la gundi naliondoa. Nina swali moja tu, na tafadhali unijibu kabla ya siku ya kura: ni kweli kwamba kwenye kituturi cha kupigia kura mtu huingia peke yake?