Dadu Tiifu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Hasira! Mkuu wa idara ya hesabu anastaafu mwisho wa mwezi, na mwalimu mkuu ametangaza mbele ya walimu wote kwamba nafasi yake tutaigombea wawili: mimi na Bwana Tabasamu wa darasa la jirani. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Atatutazama tukifundisha, kisha atapendekeza jina. Mimi na yule! Mtu anayechekelea hata ratiba. Mtu anayekunywa chai kwa kikombe changu kila asubuhi, kikombe ambacho mkono wake niliubandika mimi kwa gundi, na nikimwambia anasema samahani kaka, sikujua ni chako. Mwaka wa nne huu hajui!

Mada ya Ijumaa ni vigeu nasibu na mgawanyo wa uwezekano. Nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa: KIGEU NASIBU NI NAMBA ISIYOJULIKANA MPAKA JARIBIO LIMALIZIKE. Marufuku kufuta hadi mkaguzi aione. Binti wa dawati la mbele, ninayemwita Kwa Nini, akauliza kama haijulikani, tunaipigiaje hesabu? Nikamwambia anyamaze. Swali zuri, ndiyo maana lilinikera.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo majaribio. Kila mwanafunzi arushe dadu mbili mara moja, tujumlishe, tuchore. Wanafunzi wangu ni thelathini na sita, na dadu mbili zina njia thelathini na sita za kuangukia. Bahati iliyoje! Saba inatakiwa itokee mara sita, sita na nane mara tano tano, na kushuka hivyo hivyo mpaka mbili na kumi na mbili, mara moja moja. Mchoro unapanda ngazi, unashuka ngazi. Mkaguzi analia kwa furaha.

Tumepata nini? Takataka! Saba mara tatu tu. Nne mara nane, nani kaialika? Kumi na mbili haikutokea kabisa. Tukarudia, ikawa mbaya zaidi. Nikampigia shemeji, kaka wa mke wangu, fundi seremala aliyenichongea hizo dadu. Akasema dadu ni nzima, shemeji, labda kurusha ndiko hamjui. Kurusha! Kwa heshima ya dada yake nilikata simu bila kusema nililotaka kusema.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimechungulia dirishani kwa Bwana Tabasamu. Na yeye anarusha dadu! Kaniibia. Mchoro wake umepinda vibaya sana, na yeye anacheka, anawauliza watoto kwa nini umepinda, na itakuwaje wakirusha mara nyingi zaidi. Hajui hata kuona aibu. Nilijigonga kichwa kwenye fremu ya dirisha na darasa zima likanisalimia.

Lakini uvimbe ulikuja na wazo. Kila mwanafunzi nitampa jibu lake mapema! Huyu tatu na nne, yule sita na moja, mpaka njia zote thelathini na sita ziishe. Watarushia ndani ya boksi la sabuni ili mkaguzi asione, watainama, watatangaza nilichowapa. Ngazi safi. Huu si udanganyifu. Ni kuzikumbusha dadu wajibu wao.

Nimemweleza mke wangu, ambaye ni muuguzi. Hata hakuinua macho kwenye pasi. Akauliza, na mmoja akiumwa je? Zahanati imejaa mafua. Nimemwambia uwezekano ni mdogo, na hapa nyumbani mtaalamu wa uwezekano ni mimi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mazoezi. Nusura nipasuke. Mmoja wa nyuma kainama kwenye boksi kwa madaha, kainuka, katangaza saba na tano. Saba! Dadu ina nyuso sita! Wenzake wakampigia makofi.

Kwa Nini nimempa moja na moja. Akauliza kama kweli tunatakiwa tusiziangalie dadu. Nikamwambia kuziangalia kunachanganya. Jaribio la nne lilitoka bila kosa hata moja. Nimelala kidogo ofisini nikiota kiti cha mkuu wa idara, kile cha kuzunguka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitavunja kitu.

Mkaguzi ni mama mwenye miwani, mpole, mkimya. Watoto wamerusha, wameinama, wametangaza. Ngazi ikapanda, ngazi ikashuka. Mama akasogeza kiti karibu na ubao. Ndipo nikaona safu ya mbili ni tupu. Dawati la mbele ni tupu. Kwa Nini ana mafua! Leo! Mtoto mwenye siku zote za mwaka za kuumwa!

Nikasema kwa sauti ya bashasha kwamba mmoja hayupo, hivyo nitamrushia mimi. Nikarusha kwa nguvu na kutangaza: moja na moja! Dadu moja ikatii. Ya pili ikagonga ukingo wa boksi, ikaruka nje, ikabiringika katikati ya madawati huku bado nimenyoosha chaki, ikaenda kusimama kwenye kiatu cha mkaguzi.

Tano.

Mama akaiokota. Akaugeukia ubao, akasoma sentensi yangu polepole, neno kwa neno: namba isiyojulikana mpaka jaribio limalizike. Kisha akauliza, kwa upole ule ule, kama jaribio lilikuwa limemalizika nilipotangaza. Yule wa saba na tano akasimama kunitetea. Akaapa ameona moja, mwalimu, kwa macho yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Bwana Tabasamu ndiye mkuu wa idara. Mkaguzi kaandika kwamba mchoro wake ulipinda na watoto walijua kwa nini. Kupinda kunasifiwa siku hizi! Bwana Tabasamu akaniletea pole: chai, ndani ya kikombe changu mwenyewe. Nikainywa. Ilikuwa na sukari ya kutosha, jambo lililonikasirisha zaidi.

Mwalimu mkuu akauliza nimejifunza nini. Nikasema mengi, na ni kweli. Kwanza, boksi lilikuwa fupi. Shemeji atanitengenezea refu. Pili, ngazi ilinyooka mno. Muhula ujao anakuja mkaguzi mwingine, na safari hii nimepanga makosa mapema: saba itatokea mara nane, kumi na moja isitokee kabisa. Kila mtoto na jibu lake, na Kwa Nini, ambaye amepona, nimempa tano na tano.

Mke wangu kauliza tena, na mmoja akiumwa je? Huyu mwanamke hasikii! Nimemweleza taratibu, kama ninavyowaeleza darasani: mtoto ameshaumwa siku ya ukaguzi. Limeshatokea. Haliwezi kutokea tena.