Injini ya Morris, Wiki ya Harusi

Jumamosi, 7 Juni
Binti yetu Suhaila anaolewa Jumamosi ijayo. Bwana Foong wa jirani amejitolea kumpeleka msikitini kwa gari lake la Morris. Nimekataa kwa upole. Morris tunayo wenyewe, aliyotuachia marehemu baba mkwe. Inatoa moshi kidogo tu. Foong anasema ikimpita anakohoa mpaka jioni. Basi nimeamua: naing'oa injini, nabadilisha ringi za pistoni, nairudisha. Mke wangu Rokiah ameuliza kama nimewahi kung'oa injini. Nimemjibu nimewahi kutazama.

Jumapili, 8 Juni
Nimeazima winchi ya mnyororo, nikaifunga kwenye boriti ya baraza. Nikafungua bolti zote, nikavuta. Injini ikapanda. Gari nalo likapanda. Magurudumu ya mbele yakabaki hewani. Foong akachungulia juu ya ukuta, kikombe cha kahawa mkononi, akauliza kama nalianika. Kumbe kuna bolti za giaboksi huko chini. Boriti imelia. Nimemwambia Rokiah mbao zinazoea uzito.

Jumatatu, 9 Juni
Injini imetoka! Vigae kadhaa vya paa vimetoka pia. Nimelisukuma gari uani. Ila winchi imekwama, haipandi wala haishuki, na injini inaning'inia katikati ya baraza. Wageni watapita pembeni.

Jumatano, 11 Juni
Shemeji Normah, dada yake Rokiah, amekuja kupima pa kuweka masufuria ya rendang, ile nyama ya nazi ya harusi. Amegonga paji la uso kwenye injini. Akashika uvimbe.
"Shemeji," akasema, "wenzako harusini hutundika taa."

Alhamisi, 12 Juni
Foong amekuja na jeki na mbao, akaishusha injini. Mimi nilielekeza. Nimeifungua yote. Ringi hazipatikani hapa Ipoh, zitatoka Kuala Lumpur wiki ijayo. Foong amerudia kusema gari lake lipo. Nilikuwa karibu kukubali.

Jioni nikamkuta Rokiah amekaa kiti cha nyuma cha Morris yetu, na kanga zake za jikoni. Akasema baba yake alimpeleka kwenye ndoa yetu akiwa amekaa pale pale. Rokiah alitaka Suhaila naye akae pale. Hakugomba. Afadhali angegomba. Nilikaa kiti cha mbele, nikashika usukani.

Jumamosi, 14 Juni
Wazo lilikuwa langu. Foong anadai ni lake. Morris yake mbele, yetu nyuma, katikati kamba iliyozungushiwa utepe na maua. Suhaila na mama yake walikaa nyuma, mimi nikashika usukani. Suhaila akauliza mbona gari limetulia hivi leo. Nikamwambia ndiyo faida ya matengenezo. Kwenye mteremko nilichelewa kukanyaga breki, nikamgonga Foong nyuma, kidogo tu. Alitoa kichwa dirishani akaniambia maneno ambayo bibi harusi hakupaswa kuyasikia.

Tulifika. Watu walipiga picha, wakidhani ndiyo mtindo mpya. Rokiah aliposhuka alinishika bega, na hakuliachia haraka.

Jumapili, 15 Juni
Wageni wote wamemshukuru Foong. Hakuna aliyeuliza nani alishika usukani. Injini yetu bado iko vipande vipande kwenye beseni la kufulia, na Rokiah amefua nguo kwa Normah.

Lakini jana, tukipanda kilima kabla ya ule mteremko, nilisikia Morris ya Foong ikitoa mlio. Mwenyewe hakuusikia. Leo asubuhi amepanda treni kwenda kwa mwanawe Penang, ameniachia funguo nimwagilie maua. Jirani mwema kama yule hafai kurudi akute gari bovu.

Mpaka sasa nimetoa boneti na rejeta tu. Atashangaa.