Wingu la Huwaida Lisilo na Mvua

Tegeni masikio, enyi wana wa Amu na Siyu, hata nanyi wa Mkokoni. Wazimieni watoto simu, na mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, kwani yaja habari ya Huwaida binti Harith, mshonaji wa Langoni, Mwenye Darubini ya Mitumba, Mfumba Jicho Moja, aliyepanda darini kupigana vita na taa ya jirani.

Alichokitaka shujaa huyu ni kulipiga picha wingu moja la gesi na vumbi lililo mbali huko kwenye nyota, hafifu hata wenye vyombo vya maana hawajisumbui nalo. Miaka miwili aliliwinda, na miaka miwili akaambulia picha nyeusi. Usiku huo ulikuwa wa mwisho, kwani masika yalikuwa mlangoni, na anga ikishazibwa angengoja tena hadi mwakani. Roho ilikuwa juu.

Lakini ng'ambo ya ujia, darini kwa Bi Fahima, iliwaka taa kubwa, Jua la Uongo, Kitisho cha Paka, ikiwalinda ng'onda arubaini, samaki waliopasuliwa na kuanikwa kambani wakauke. Kwa mwanga ule kamera ingeona weupe mtupu.

Huwaida akasimama ukingoni, akavuta pumzi, akanena: "Ewe Bi Fahima, binti wa watu watukufu, ambaye mapishi yako yasifiwa hata Siyu! Nakuomba kwa haki ya ujirani, izime taa yako muda wa saa tatu tu, maana usiku wa yeo nataka kupiga wingu picha!"

"Wingu?" Bi Fahima akaruka kutoka jamvini. "Liko wapi?"

"Yuu, upande wa kusini. Kubwa, Bi! Kubwa kuliko nti yote, bara na visiwa!"

"Yallah, ng'onda wangu!"

"Si la mvua, Bi, ni—"

Hakusikilizwa. Jeshi la mtu mmoja liliivamia kamba. Samaki wakatekwa wawili wawili, wakatupwa karaini, na mlango wa ngazi ukafungwa kwa kishindo. Pasipo ng'onda hapana paka, na pasipo paka umeme wa nini? Taa ikazimwa. Huwaida alifungua mdomo aupaze ukweli, akalitazama lile giza tamu, akaufunga. Mungu amsamehe, hata sisi tungeufunga.

Alfajiri kompyuta ikatoa, katikati ya picha, doa jekundu lisilozidi punje ya mchele. Huwaida akalia kwa furaha, akapenga kamasi kwa ncha ya leso, akakimbilia kwa jirani, kompyuta mkononi, kuungama.

Bi Fahima aliinamia kioo cha kompyuta, mikono ikinuka samaki. "Ndilo hili lililonitoa jasho? Yina lake nani?"

"Halina, Bi. Lina nambari tu."

"Maskini!" Akaligusa lile doa kwa ncha ya kidole. "Kubwa kuliko nti yote, na hapana aliyelitia yina? Liite Rahima, kama marehemu mamangu. Na yeye alikuwa haonekani mpaka umtafute."

Basi na iandikwe katika taarikhi ya Amu kwamba asubuhi hiyo, kabla ya chai, mbingu ilipata Rahima wake, na kabla ya adhuhuri Langoni nzima ilikwisha kupata habari: marehemu Bi Rahima amepigwa picha, tena ametoka vizuri.