Zulia la Prisca na Mawese ya Jumatatu

Jumatatu, 20 Aprili

Prisca ameondoka asubuhi kwenda Ngana kumsaidia mama yake kazi ya kakao. Doreen mgongoni, mwavuli mkononi. Mvua haikusubiri hata wapande bajaji. Atarudi Jumamosi, na hatarudi peke yake. Anakuja na mama mkwe! Tangu tuoane mama mkwe hajakanyaga nyumba hii. Anataka kuona mwanawe anaishije.

Amri niliyoachiwa ni moja: nisile juu ya zulia.

Zulia lenyewe ni la Prisca. Rangi ya maziwa, manyoya marefu, vidole vya mguu vinazama. Amelinunua kwa kakao yake mwenyewe, misimu miwili akijinyima. Nilimuuliza kwa nini asinunue cherehani, kitu cha maana. Akasema utotoni walilala wote kwenye mkeka juu ya sakafu ya udongo, akajiapiza kwamba siku moja atakuwa na nyumba yake na miguu yake itakanyaga kitu laini. Leo nimeapa kulilinda.

Jioni, mechi. Runinga iko sebuleni, zulia liko sebuleni, wali na samaki mbasa wa mawese viko mkononi. Nikapiga hesabu za kisheria: sahani ikiwa mapajani, mtu anakula juu ya mapaja, si juu ya zulia. Nikakaa. Dakika za mwisho tukafunga bao! Nikaruka. Sahani nayo ikaruka.

Doa jekundu. Refu, jembamba, limepinda kidogo kuelekea kusini. Ziwa Nyasa tupu, ungeweza kuionyesha Matema kule kaskazini kwa kidole. Na bao lenyewe limekataliwa.

Jumanne, 21 Aprili

Nimefanya utafiti. Njia za kusafisha zulia ni mbili, na wenye nazo hawasalimiani.

Ya kwanza ni ya jirani yangu Sylvester, mwosha magari. Ana mashine inayopuliza maji moto ndani ya zulia na kuyanyonya papo hapo pamoja na uchafu wake. Anasafishia viti vya mabasi. Nilimwendea kwa hila, nikamuuliza kwa niaba ya rafiki yangu wa Ipinda. Akasema mawese hayana mjadala, dawa yake maji moto. Huyo rafiki amuulize mkewe kama huwa anaosha sufuria ya mawese kwa maji baridi. Akaongeza kwamba rafiki yangu wa Ipinda ana mchuzi kwenye shati. Nikatazama shati langu.

Ya pili ni ya Zabroni, anayevusha bidhaa kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka. Huyo ana unga mkavu wa kopo. Unanyunyiza, unasugua kwa brashi, unauacha unyonye mafuta, unauondoa. Basi. Akasema Kyela mwezi wa nne hata leso haikauki, sasa mtu mwenye akili zake atalowesha zulia zima? Litaoza!

Wote wawili wana haki. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuuma.

Nimeamua kwa kigezo cha kitaalamu. Prisca aliwahi kusema mbele ya watu, tena kanisani, kwamba Sylvester ni mwanaume anayemaliza kazi. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo! Basi Sylvester hatagusa zulia letu. Nimechukua kopo la Zabroni.

Halafu nimeona mbali. Kyela nzima hakuna fundi wa kusafisha mazulia bila maji. Nimeandika kibao: AMBWENE USAFI MKAVU. Nimekitundika upande unaotazamana na Sylvester.

Jumatano, 22 Aprili

Kopo ni dogo. Limefunika kuanzia Matema hadi Liuli, likaisha. Kusini kote kumebaki wazi. Ukweli usemwe, palipofunikwa pameanza kupauka vizuri tu. Nikamtafuta Zabroni aniletee jingine. Amevuka mpaka, harudi hadi wiki ijayo.

Lakini unga ni unga! Ndani tuna unga wa mchele, Prisca aliusaga kwa ajili ya vitumbua. Na mchele wa Kyela unasifiwa hadi Dar es Salaam, kopo la Zabroni nani analijua? Nikamwaga beseni zima. Nikasugua. Nikauacha ufanye kazi, mlango wazi hewa ipite, nikaenda kijiweni kuwaeleza watu habari za kampuni.

Hewa ya Kyela! Niliporudi unga umeshavuta unyevu wa wilaya nzima. Unga wa mchele, mafuta, maji: mimi si fundi wa usafi, mimi nimekoroga vitumbua. Na wateja walishafika. Mabata wa Sylvester walikuwa wamejipanga juu ya zulia wanakula, na kila aliyeshiba aliacha shukrani zake palepale.

Sylvester amekuja kuwachukua. Akalitazama zulia. Akakisoma kibao, polepole, neno moja moja. Akanisalimia, ugonile, akaondoka na mabata wake. Afadhali angecheka.

Prisca amepiga simu kuuliza kama zulia halijambo. Nimesema halijambo.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimebadili mwelekeo wa kampuni. Maji moto! Lakini bila Sylvester. Kwani siri ya mashine yake ni nini? Maji. Moto. Vyote ninavyo. Nimeazima kanisani lile sufuria kubwa la pilau za harusi. Shemasi Dickson aliuliza kuna sherehe gani. Nikasema ni shughuli ya familia, na huo si uongo.

Nikamwaga. Nikamwaga tena. Nikaweka sabuni, nikaingia miguu mitupu, nikakanyaga huku naimba. Mvuke umejaa sebule. Doa likalegea, likaanza kuaga. Maji moto ni kiboko, hilo nakiri.

Sylvester akatokeza dirishani. Akauliza nani atayanyonya. Nikamuuliza kunyonya nini. Akasema maji, kuyaingiza hata sufuria inaweza, yeye mashine aliinunua kwa ajili ya kuyatoa. Nikamjibu kwamba ardhi itanyonya. Akaniuliza kama sakafu yangu si ya saruji.

Sakafu yangu ni ya saruji.

Hata hivyo, doa halipo tena! Zulia zima limekuwa doa. Rangi ya chungwa iliyofifia, sawasawa kila upande. Ukilitazama upesi upesi linaendana na mapazia. Tatizo halibebeki. Nilijaribu kuliinua, kiuno kikakataa. Ukilikanyaga, maji yanapanda katikati ya vidole. Ulaini upo, lakini sidhani kama ndio alioujiapizia.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kuanika nje ni ndoto. Nilifikiria kuwasha majiko ya mkaa kulizunguka, nikaogopa kumpokea mama mkwe kwenye majivu. Nikakaa juu ya ndoo nikilitazama. Nitasema kweli, maana hapa hasomi mtu: niliona aibu. Misimu miwili Prisca hakununua hata kanga.

Kisha, huku namfikiria mama mkwe na hofu zangu, akili ikafunguka. Kakao!

Mbegu mbichi kabisa, zinachuruzika. Zinatiwa kwenye sanduku, juu majani ya migomba, juu yake magunia. Na hapo zinajipasha zenyewe mpaka mkono hauvumilii! Hakuna kuni. Hakuna umeme. Hakuna Sylvester. Mama mkwe amefanya hivyo maisha yake yote, na mwisho wa yote kakao yake huwa kavu. Jibu lilikuwa ndani ya familia.

Nimelikunja zulia, nimeliburuta hadi chumba cha nyuma, maana ndicho chenye nafasi. Ndicho pia atakacholala mama mkwe, lakini hadi kesho litakuwa limekauka. Nimefyeka majani ya migomba nusu ya shamba. Nimefunika, nimeweka magunia, nimeweka mawe.

Sylvester akabisha hodi. Akasema analeta mashine, bure, kwa ajili ya Prisca. Bure! Kwa ajili ya Prisca! Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, zulia liko kwenye matibabu.

Jioni nimetia mkono chini ya majani. La moto! Nimecheza peke yangu ukumbini.

Jumamosi, 25 Aprili

Wamefika.

Kwetu mkwe haangaliwi usoni, na leo nimeushukuru utaratibu huo. Mama mkwe alisimama mlangoni, akanusa. Akauliza ni nani hapa mjini anavundika kakao. Prisca akasema hakuna. Mama mkwe hakubishana naye, aliifuata pua yake. Akapita sebuleni penye sakafu tupu, akaingia chumba cha nyuma, akaondoa mawe, akafunua majani, akaingiza mkono hadi kiwiko. Mimi nilikuwa nyuma natazama viatu vyangu.

Akatoa hukumu. Joto zuri. Majani yanatosha. Lakini haijageuzwa, na kakao isiyogeuzwa huoza katikati. Kisha akautoa mkono, na mkono ukatoka na manyoya.

Akamwambia Prisca amuulize mumewe hii ni kakao ya aina gani. Prisca akaniuliza. Nikamwambia Prisca amwambie mama kwamba ni zulia. Prisca hakuufikisha ujumbe. Alikuwa ameshapiga magoti, ameshika pembe ya zulia lake, ananusa.

Akiniita Baba Doreen, mambo ni shwari. Leo amesema, "Ambwene." Basi. Heri angenipiga kwa mwiko.

Akatoka mwenyewe kwenda kwa Sylvester. Sylvester akaja na mashine, hata kibao hakukitazama. Maji moto yakaingia, yakatoka palepale. Yalitoka na mawese, na uji wa mchele, na unyoya wa bata. Akarudia mpaka maji yakatoka meupe. Prisca akauliza kama kweli hakukuwa na njia nyingine. Sylvester akasema ilikuwapo: doa likiwa bado bichi, unga wa Zabroni ukitosha, lingekwisha bila tone la maji. Au angeitwa yeye siku ileile. Njia zote mbili zilifaa, mwenye zulia achague tu.

Zote mbili! Na mimi nikachagua ya tatu.

Kukausha sasa. Mama mkwe akasema kwake Ngana ana chanja za kuanikia kakao, zina paa la nailoni, mvua haiingii na upepo unapita juu na chini. Zulia litakwenda huko, litatandazwa, na litageuzwa. Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti kubwa kidogo. Wakalipakia kwenye gari la Sylvester. Mama mkwe akapanda, hajanywa hata chai. Prisca naye akapanda na Doreen.

Nikauliza atarudi lini. Akasema zulia likikauka.

Mvua ilikuwa inanyesha. Kyela, mwezi wa nne! Nimebaki barabarani nimelowa chepechepe, moyo umenishuka kabisa.

Jumapili, 26 Aprili

JUA! Jua kamili, tangu asubuhi! Kanisani nimeimba kuliko kwaya.

Prisca amepiga simu. Zulia linakauka. Harufu imepungua, rangi imerudi karibu na maziwa. Amepanda kwenye chanja akalikanyaga kwa miguu mitupu, mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Atarudi Jumatano. Kabla ya kukata simu ameniita Baba Doreen! Nimemwomba arudie, akarudia.

Mama mkwe naye anamsalimu mkwe wake mvundikaji. Anauliza kama nimeona mfuko aliouacha nyuma ya mlango. Nimeuona. Vitambaa vya kochi, vyeupe pee, amevifuma kwa mkono wake tangu tulipooana, alikuwa akingoja siku ya kuja kutuona. Prisca amesema nivitandike, mama akirudi naye avikute. Nimevitandika. Sebule imependeza, nikajisikia kulia.

Nimeapa sitakula tena juu ya zulia maisha yangu yote. Kiapo nimekitimiza leo hii hii. Mechi ya marudiano nimeitazama nikiwa kwenye kochi, mbasa mapajani. Bao safari hii limekubaliwa.

Doa la kitambaa ni dogo. Halifiki hata Ziwa Rukwa. Sylvester amepaza sauti kutoka uani, anauliza kama kuna kazi, maana amesikia nikishangilia. Nikamjibu hakuna.

Majani ya migomba yapo, magunia yapo, mawe yapo. Na safari hii nitageuza.